Beseni la Vitunguu

Nilikuwa nimeshafikisha nusu beseni jirani aliponiita kutoka upande wa pili wa uzio.

Ilikuwa Januari 2014, miezi mitatu tangu nihamie Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kumfuata mume wangu. Jua lilikuwa limetoka asubuhi ile, nalo kwa wiki tatu nilikuwa nikilisikia tu kwenye taarifa ya hali ya hewa. Sikuwa na zamu kazini. Nikatoka uani na kijembe nilichokikuta kwenye kibanda cha vifaa, nikaanza kufanya ambacho binti yeyote wa Lushoto angefanya akikabidhiwa kipande cha ardhi kilichotelekezwa: kung'oa, kufagia, kulima. Kando ya uzio palikuwa na vichipukizi vya kijani vimechomoza kama vidole vya mtoto. Nikachimba, nikatoa vitunguu. Vikubwa, vya maganda ya kahawia, vimejaa maji. Nikajisemea kwamba mpangaji wa kabla yetu alivipanda akavisahau, na leo maharage yangu yatapata kiungo bila mtu kwenda dukani.

"Hivyo utavifanyia nini, mpenzi?"

Ngoja kwanza niseme kuhusu huo "mpenzi". Huku Yorkshire, dereva wa basi, muuza samaki na mzee wa miaka themanini na mbili watakuita mpenzi bila hata kukutazama usoni, na hawana nia yoyote. Sikulijua hilo. Wiki yangu ya kwanza dereva aliponiita hivyo nilishuka kituo kimoja kabla ya changu. Kwa hiyo siku ile ya beseni nilimjibu yule mzee kwa sauti kavu, nikiwa nimeinama vilevile, kwamba ninakwenda kupika.

Alipiga kelele. Sikumwelewa neno hata moja, maana lafudhi ya Yorkshire ikiongezewa hofu si Kiingereza tena, lakini mkono wake ulikuwa unakataa kwa lugha ambayo kila mtu anaijua. Akazunguka kwa mbele ya nyumba, akaingia kwa geti letu, akachukua kimoja mkononi. Si vitunguu, akasema polepole. Ni maua. Dafodili, yale ya njano yenye kikombe katikati. Mmea mzima una sumu, na hiki cha ardhini ndicho kibaya zaidi. Ukikila utatapika mpaka usahau jina lako.

Mwaka uliofuata nilisikia redioni kwamba mamlaka ya afya ya umma imeyaandikia maduka makubwa ya nchi nzima, ikiyataka yasiweke dafodili karibu na mboga, kwa sababu kuna watu wanaozinunua wakidhani ni vitunguu au mboga za majani. Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe sikuwa mjinga wa kwanza, wala sikuwa peke yangu.

Tulivirudisha vyote ardhini, yeye akiwa amepiga magoti juu ya gunia, akinionyesha kina: mara mbili au tatu ya urefu wa kitunguu chenyewe, ncha juu. Hatukumaliza kabla ya giza. Saa kumi na robo ilipofika nilikuwa napapasa tu, na Machi vilipochanua, vilichanua kwa mstari ulionyooka hadi katikati, kisha ukayumba kama mlevi. Mstari ule sijaurekebisha hadi leo.

Kuhusu saa hizo. Sisi tunahesabu saa kwa jua: likichomoza ni saa kumi na mbili, baada ya hapo inakuja saa moja, na kwetu jua halijawahi kumvunjia mtu miadi. Leeds, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza saa mbili na dakika ishirini asubuhi, likazama saa kumi kasorobo. Unatoka zamu ya usiku gizani, unalala, unaamka gizani. Na Ramadhani yangu ya kwanza huku iliangukia mwishoni mwa Juni hadi Julai, futari ikawa saa tatu na dakika arobaini usiku, watoto wa Kiingereza bado wanacheza mpira barabarani. Nilimweleza mama kwa simu, akadhani ninatia chumvi. Saa yangu ya Kiswahili ilikuwa imekufa mkononi, inaonyesha namba zisizo na maana. Ni siku chache tu za Machi, karibu na tarehe 20, ambapo mchana na usiku hulingana duniani kote, na kwa siku hizo chache jua la Leeds huchomoza kwenye saa kumi na mbili kama jua la heshima. Nilizigundua siku hizo mwaka wa kwanza nikazipenda sana. Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo wakasogeza saa mbele, wakaharibu tena.

Nilikuja nikijiona mkulima, na hili ndilo lililoniuma kuliko baridi. Nimekulia kwenye matuta ya Usambara, ambako shamba limesimama kama ukuta na mtoto anajifunza kulima akiwa ameegemea mlima. Nilijua kabichi, karoti, viazi ulaya. Nilijua ni wiki gani bibi angetufukuza kitandani kwenda kupanda. Mvua za kwanza za masika zilipoanguka, majirani wengine walikimbilia mbegu. Bibi alitoka na kuchimba kishimo kwa mkono. Kama unyevu umeishia urefu wa kidole, alirudi ndani akaendelea kupepeta mahindi yake. Kama mkono umezama hadi kifundo na chini bado kuna majimaji, basi jembe. Alijua mvua ya siku nne ikifuatwa na jua la wiki mbili huua mbegu kuliko ukame wenyewe, maana imeziamsha kisha ikaziacha.

Yote hayo niliyabeba hadi Ulaya, nikakuta hayasomeki. Ni kama mtu aliyesoma msahafu mzima kwa Kiarabu akapewa gazeti la Kichina. Hata maneno yalinisaliti. Shuleni tulifundishwa kwamba majira ya kuchipua ya Wazungu tuyaite masika, na yale ya majani kupukutika tuyaite vuli. Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati mashamba yanafunikwa na kijani. Nilifika Leeds Oktoba nikiwa na neno "vuli" kichwani, nikakuta kila kitu kinavua nguo. Na wahenga wanaposema dalili ya mvua ni mawingu, hawakuwahi kuishi Yorkshire, ambako mawingu si dalili ya chochote, ni dari.

Kwenye kona ya bustani, ukutani, palikuwa na mti mmoja mweusi usio na jani. Februari nilimwambia mume wangu tuukate, umekufa. Yeye, ambaye ni mtu wa Unguja na kwake mti usio na majani ni kuni, alikuwa ameshaazima msumeno, na wa kumwazima, kwa bahati, hakuwa mwingine ila jirani huyohuyo. Mzee akauliza msumeno wa nini. Akaja, safari hii bila kelele. Akaukwaruza ule mti kwa ukucha wa kidole gumba, sehemu ndogo kama punje ya mchele. Chini ya gome jeusi palikuwa na kijani kibichi, chenye maji.

"Hukukwaruza," akasema. Hilo tu.

Ulikuwa mti wa plamu. Mimi! Mimi niliyekua nikiona plamu na peasi zikiuzwa kwa ndoo pale Soni, abiria wa basi wakinyoosha mikono dirishani kabla gari halijaendelea kushuka Mombo. Nilitaka kuukata mti wa plamu kwa sababu ulikuwa uchi. Baadaye nilisoma, nikaelewa hata mambo ya nyumbani ambayo sikuwahi kujiuliza. Miti ya jamii hii huhesabu baridi. Ikikosa saa za kutosha za ubaridi, matumba yake hayafunguki vizuri hata jua liwake vipi. Ndiyo maana plamu ziko Lushoto juu, haziko Tanga mjini, na mkoa ni mmoja. Hata hizo za Lushoto ni aina zisizodai baridi kali. Huu wangu wa Leeds ungekwenda kukaa Pongwe ungesimama tu, miaka nenda rudi, ukingoja Desemba isiyokuja. Aprili ulitoa maua meupe kwenye matawi makavu, kabla ya jani hata moja. Nilisimama chini yake nimevaa koti na kilemba nikaona haya, haya kabisa, kama mtu aliyemteta mgonjwa naye mgonjwa alikuwa macho.

Lakini ugomvi wetu mkubwa mimi na yule mzee ulikuwa juu ya ufagio.

Bibi alifagia uwanja kabla jogoo hajamaliza. Nasi tulifagia kabla ya shule, kwa fagio la vijiti, mpaka ardhi nyekundu ikabaki na mistari kama kichwa kilichosukwa. Uwanja ukilala na majani watu huuliza kama kuna mgonjwa ndani. Si usafi wa macho tu. Penye udongo mtupu nyoka hana pa kujificha, na akipita usiku unaona mchirizi asubuhi, panya hajengi, mbu hapati kopo lenye maji chini ya majani. Ni akili ya watu waliokaa mahali wakapajua. Basi mimi kila Novemba nilitoka na ufagio wangu, nikakusanya majani yote, nikakata mabua yote yaliyokauka, nikaacha bustani kama uwanja wa bibi. Na kila majira ya kuchipua bustani yangu ikawa dhaifu kuliko ya jirani. Vidukari vilijaa kwenye maharage. Yeye, mwenye bustani kama kichaka, hana.

Alichonieleza kilinichukua miaka miwili kukikubali. Yale mabua makavu yana wadudu wamelala ndani ya matundu yake. Wale wadudu wadogo wekundu wenye madoadoa meusi, wanaokula vidukari kama sisi tunavyokula bisi, hujibana humo na chini ya majani makavu wakingoja joto. Ukiyasafisha, umewafukuza askari wako kabla ya vita. Majani yenyewe nyungunyungu huyavuta ardhini usiku, moja moja, na hiyo ndiyo mbolea. Na kwenye rundo lake la majani chini ya ua, alikuwa na kalunguyeye. Alilala humo kuanzia Novemba. Mzee alinionyesha rundo tu, hakuligusa, akashusha sauti kama tuko msikitini.

Halafu kuna malkia. Machi, siku ya kwanza yenye joto kidogo, utaona nyuki mkubwa mwenye manyoya, mnene kama ncha ya kidole gumba, akiruka chini chini kwa sauti nzito, akiingia kila tundu kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga. Kundi lake lote la mwaka jana limekufa: vibarua, madume, malkia mzee. Amebaki yeye tu, amelala ardhini peke yake miezi yote ya baridi, na ndani yake amebeba mbegu ya madume waliokwisha kufa. Akipata ua la mapema na kitundu kikavu, kundi zima linaanza upya. Nakumbuka kijembe changu cha Januari ile. Sijui nilipindua wangapi.

Sikukubali yote. Mbele ya mlango wa mbele ninafagia hadi leo, na sitaacha. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuwafanyia mababu zake. Nyuma nimeacha. Ila mwaka wa kwanza wa kuacha nililala vibaya, kama niliyeacha vyombo vichafu wageni wakiwa njiani.

Kosa la maharage nalifupisha kwa sababu linaniudhi. Aprili moja ilikuwa na wiki nzima ya jua, watu wamevua makoti, wanalala kwenye nyasi za bustani za jiji kama waliookolewa baharini. Nikapanda maharage, nikasia na mchicha, ambao dada mmoja wa Jamaika kazini kwangu aliukuta kwenye simu yangu akapiga makofi. Kwao ni mboga ya kila siku, una jina jingine tu. Yote yakaota. Katikati ya Mei, usiku mmoja usio na wingu, jalidi ikashuka. Asubuhi maharage yalikuwa meusi, yamelegea kama majani yaliyomwagiwa maji ya moto. Mchicha ulikuwa haupo kabisa. Ulikuwa umegeuka doa. Jirani hakuniambia "nilikwambia", ingawa alikuwa amekwishaniambia.

Ndipo nilipomkumbuka bibi na mkono wake ndani ya kishimo. Wiki ile ya Aprili ilikuwa mvua ya siku nne. Ilikuwa imeziamsha mbegu kisha ikaziacha. Nilikuwa nimefundishwa hilo nikiwa na miaka saba, na sikulitambua kwa sababu lilikuja limevaa jua badala ya mvua. Nilimuuliza mzee, basi ninyi mnajuaje? Akakunja mkono wa shati, akapiga goti, akabandika kiwiko kitupu kwenye udongo, akakaa hivyo kidogo. Unavyopima maji ya kuogeshea mtoto, akasema. Kiwiko kikistahimili bila kutaka kutoka, mbegu nayo itastahimili. Kisha akaongeza kwamba babu yake, ambaye alikuwa mkulima hasa, hakutumia kiwiko: alivua suruali akakaa. Sijui kama ni kweli. Nimekuja kusikia kisa hicho kutoka kwa Waingereza wengine wanne, kila mmoja akimsema babu yake.

Viazi wao hupanda karibu na Pasaka. Kabla ya hapo huvipanga kwenye trei za mayai dirishani, jicho juu, vichipuke kidogo kwenye mwanga. Nilipovipanga mara ya kwanza nilipiga picha nikamtumia mama, nikaandika: viazi ulaya viko Ulaya. Akajibu kwa alama za kicheko mstari mzima. Mume wangu, ambaye hupenda kuharibu utani, akanikumbusha kwamba asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na huku Ulaya navyo vilikuja kama mimi. Na huyohuyo ndiye aliyeona matufaha ya sokoni akagoma kuyaita hivyo. Kwao Unguja tufaha ni lile tunda jekundu laini la mti mkubwa wenye maua ya waridi yanayofunika ardhi yakianguka. Haya magumu ya huku, anasema, yatafutiwe jina jingine.

Sasa nije kwenye dirisha.

Mzee alikuwa hajawahi kuniuliza ninatoka wapi hasa. Afrika ilimtosha, halafu Tanzania. Mwaka wa tatu, Februari, nilimpelekea maandazi, akanikaribisha jikoni. Dirishani, juu ya sinki, palikuwa na chungu cha mmea mfupi, majani manene yenye manyoya kama ngozi ya pichi, maua ya zambarau iliyokolea. Nje theluji. Nikausifia. Akasema ni wa marehemu mkewe. Yeye anauweka hai tu. Akauliza, kwa ajili ya mazungumzo, kwenu Tanzania ni upande gani? Nikamjibu kuna milima, hutaijua, inaitwa Usambara.

Aliweka andazi chini. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kitabu cha mimea ya ndani kilichokuwa na harufu ya unyevu, akafungua ukurasa, akaweka kidole. Usambara. Limeandikwa hivyohivyo, kama linavyoandikwa kwenye kitambulisho cha baba yangu.

Ua hilo, ambalo Waingereza huliita la Afrika tu na Wajerumani huliita kwa jina la milima yetu kabisa, lilipelekwa Ulaya mwaka 1892 na afisa wa serikali ya kikoloni ya Ujerumani, Walter von Saint Paul-Illaire. Alilipata msituni, akampelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi kutokana na familia hiyo. Kutoka hapo likaingia kwenye madirisha ya nusu ya dunia. Mimi niliyezaliwa mlimani kwake sikuwahi kuliona. Nililipiga picha nikamtumia mama. Akaitazama akasema ah, hilo, lile la kwenye mawe yenye kivuli msituni, mbuzi hali. Basi. Hakuona ajabu yoyote. Mzee alikuwa akilipangusa vumbi kwa brashi ya rangi kila Jumamosi tangu mkewe afariki, kwa sababu maji baridi huyatia majani madoa.

Nilikaa jikoni kwa mtu yule nikiwa na hasira kidogo ambayo sikujua pa kuielekeza, na furaha, vyote pamoja. Miaka mitatu alikuwa akinifundisha nchi yake, nami nikijua hakuna ninachoweza kumfundisha, na wakati wote ule yeye alikuwa akimwagilia kwetu. Nilipoondoka alikata jani moja pamoja na kikonyo chake, akalifunga kwenye karatasi yenye unyevu. Lichomeke tu kwenye udongo, akasema. Lilikaa wiki saba bila dalili. Nilikuwa nimeshajifunza, sikulichimbua kuangalia. Wiki ya nane majani mawili madogo yakatokea chini ya shina lake, kama masikio ya panya.

Kipande cha mwisho alichonipa ni mzizi wa rubabu. Ni mmea wa bua nene, jekundu, chachu kama ukwaju mbichi; majani yake yana sumu, bua unalipika na sukari. Asili yake ni nchi za baridi za Asia, na jirani na Leeds, kati ya Wakefield, Morley na Rothwell, kuna wakulima wanaoutunza kwa namna ambayo nisingeiamini kama nisingepelekwa kuiona. Mizizi inakaa shambani miaka miwili bila kuvunwa, ipigwe na jalidi, kisha inahamishiwa kwenye mabanda marefu yenye joto na giza totoro. Humo mabua huchomoza kwa nguvu ya akiba iliyo mizizini, yakitafuta mwanga ambao haupo, yanakuwa marefu, laini, ya waridi. Wanavuna kwa mwanga wa mishumaa ili yasigutuke. Ukinyamaza unayasikia matumba yakipasuka, tip, tip, gizani. Nilifikiria zamu zangu za usiku. Sikumwambia mtu.

Mwaka huu mzee hapigi tena magoti. Anakaa kwenye kiti cha plastiki upande wake wa uzio na kunielekeza kwa bakora, na mimi nafanya bustani mbili. Rubabu nimeifunika kwa ndoo tangu Januari. Juzi mama alinipigia simu ya video. Lushoto masika yalikuwa yameanza, nyuma yake nasikia mvua kwenye bati. Nikamzungusha kamera nimwonyeshe dafodili, mstari ulionyooka na mstari mlevi, na plamu iliyoanza kuvimba matumba.

"Na hayo majani yote hapo chini?" akauliza. "Hata ufagio hamna huko?"

"Kuna mnyama amelala, mama."

Kimya kidogo. "Mnamlaza mnyama uwanjani."

"Ndiyo."

"Haya. Viazi umeshapanda?"

"Bado. Udongo haujawa tayari."

"Umejuaje, na jua lote hilo naliona?"

Nikamsimamisha mama juu ya ndoo ya rubabu, simu ikiegemea mpini wa jembe, nikakunja mkono wa sweta, nikapiga goti na kubandika kiwiko ardhini. Mzee naye, kwenye kiti chake, akanyoosha shingo kutazama.

"Sasa mbona umekunja uso?" mama akauliza.

"Baridi, mama."